Bamba la Mikindani

Kutoka nyumbani kwangu Shangani hadi Mikindani ni mwendo wa kilomita kama 10 tu, na kwa miaka mingi nilipita pale ndani ya basi bila kuteremka. Aliyeniteremsha ni mjukuu wangu, siku moja ya likizo, aliponiomba nimwonyeshe mji wa zamani. Mimi niliyefundisha historia kwa zaidi ya miaka 30 sikuwa na udhuru.

Mji wenyewe ni mdogo, umekaa ukingoni mwa ghuba iliyotulia kama maji ya mtungini. Ziko nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, nyingine zina milango ya nakshi, nyingine zimebaki kuta tu na miti imeota ndani yake. Kilimani limesimama Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1895. Lilikuwa karibu kuanguka. Katika miaka ya 1990 shirika la Trade Aid la Uingereza lilianza kulikarabati, likageuzwa hoteli.

Kwa nini mji ukawa hapa, wala si mdomoni mwa Ruvuma? Jibu ni mto wenyewe. Ruvuma ni mpana lakini una mafungu ya mchanga, na mdomo wake umezibwa na mikoko. David Livingstone alijaribu kuupanda kwa meli mwaka 1861, maji yakapungua akarudi. Mwaka 1866 alikuja tena na ngamia, akaona hawawezi kuteremshwa kwenye tope la mikoko, akaja kuwateremsha Mikindani. Misafara ya Wayao kutoka pande za Ziwa Nyasa ilikwisha kuifahamu pwani hii zamani. Ilileta pembe za ndovu, na ilileta watu wa kuuzwa. Biashara hiyo ya watu Sultani Barghash aliipiga marufuku baharini mwaka 1873.

Baadaye, Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga baada ya Vita vya Pili, walitaka bandari yenye kina kirefu, wakaijenga Mtwara. Karanga zilishindwa, mradi ukavunjwa mwaka 1951, lakini bandari ikabaki, na biashara ya Mikindani ikahamia kwetu.

Basi tukafika kwenye nyumba yenye bamba linalosema kwamba hapo yasemekana Livingstone alikaa. Mjukuu wangu akalisoma, akauliza, "Babu, alikuwa peke yake?"

Nikamweleza habari za Chuma na Susi, waliokuwamo katika safari ile ya 1866. Chuma alikuwa Myao aliyefunguliwa minyororo ya watumwa mwaka 1861, angali kijana mdogo. Livingstone alipofariki mwaka 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, hao na wenzao waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo.

"Na wale waliouzwa hapa, bamba lao liko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikamkumbuka mwanachuo mmoja, mwenyeji wa Mikindani, niliyemfundisha chuo cha ualimu miaka ya nyuma. Siku hiyo nilikuwa nimemaliza kueleza jinsi wapelelezi walivyotangulia ukoloni. Akanifuata baada ya kipindi, akasema kwa sauti ya chini kwamba bibi yake alikuwa akisema, "Sisi tuliletwa," na kila akiulizwa kutoka wapi, hunyamaza. Alitaka nimsaidie kujua. Nikamjibu kwamba jambo hilo halimo katika muhtasari wa somo. Akashukuru kwa adabu, akaondoka.

Msomaji wa pwani anajua kwa nini bibi yule alinyamaza. Kumtaja mtu kwa asili ya utumwa ni kumvunjia heshima, na wengi waliona afadhali kuificha habari kuliko kuwaachia wajukuu aibu. Kunyamaza kwake kulikuwa na sababu. Kwangu mimi ulikuwa uvivu tu. Ningeweza kumwambia akae na bibi yake jioni, asimhoji, amsikilize tu: nyimbo, majina ya mito, maneno ya Kiyao au Kimakua yaliyobaki mdomoni mwake. Bibi yule bila shaka amekwisha kufariki.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Yule kijana aliuliza. Mwalimu wake ndiye hakuuliza. Tuliporudi Shangani nilimketisha mjukuu wangu barazani, nikaanza kumweleza habari za mama yangu, na alikotoka.