Sikinde: Sifa ya Ngoma au Sifa ya Redio?

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo wapenzi wa muziki wa dansi wanavyokujibu ukiwauliza kwa nini Mlimani Park Orchestra, maarufu kama Sikinde, imetukuzwa kiasi hiki. Eti ilikuwa nzuri, basi, yamekwisha. Lakini hebu tujiulize, ndugu msomaji: kama soko zima lina duka moja tu, tutajuaje kwamba bidhaa ilijiuza yenyewe?

Duka lenyewe lilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Sikinde ilizaliwa mwaka 1978. Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na televisheni wala redio nyingine. Redio za watu binafsi zilikuja miaka ya 1990, na Radio One ilianza 1994. Sahani za santuri nazo zilitengenezwa Nairobi, na mpaka wa Kenya ulifungwa mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ukaja kufunguliwa 1983. Njia kubwa iliyobaki ilikuwa studio ya RTD, Barabara ya Pugu. Mashairi yanakaguliwa, yakipita bendi inarekodi, na kibao kikipigwa hewani nchi nzima imekisikia. Umaarufu wa namna hiyo si mchezo, lakini ni wa kupewa pia, si wa kujitafutia tu.

Chukua mfano wa huku kwetu Endagikot, kwenye milima ya Mbulu. Ukumbi wa DDC Kariakoo, ambako Sikinde walikuwa wakitesa, kwa wazee wetu wengi ni jina tu. Bendi yenyewe waliijua kwa betri na antena. Hata hivyo wapo wanaomtaja Hassan Bitchuka na Cosmas Chidumule kama vile wanataja majirani zao. Na jina la bendi? Sikinde ni ngoma ya Wazaramo, na ile "ngoma ya ukae" maana yake ni ngoma ya nyumbani. Nyumbani kwa nani, jamani? Mwiraqw wa Endagikot lugha yake si hata ya Kibantu. Ngoma ya nyumbani kwa Wazaramo ilipanda mlima ikawa ya nyumbani kwetu kwa sababu redio iliipandisha, na kwa sababu iliimbwa kwa Kiswahili.

Wanaoipinga Sikinde wana hoja nyingine, tena nzito. Wanasema hata sauti yenyewe waliazima. Muhidin Maalim Gurumo, mwimbaji mkubwa wa mwanzo, alikuwa NUTA Jazz tangu 1964, bendi ya chama cha wafanyakazi ambayo baadaye ikaitwa JUWATA, kisha OTTU, na leo Msondo Ngoma. Yeye na mpiga gitaa Abel Balthazar walipitia Dar International kabla ya kuingia Mlimani Park. Bitchuka naye alitoka JUWATA. Michael Enoch, yule waliyemwita King, alikwishapata jina Dar Jazz. Kumbe Sikinde ni chungu kipya kilichopikiwa mboga ya zamani! Halafu kulikuwa na mshahara. Bendi ilianzishwa chini ya shirika la usafiri na teksi, TTTS. Shirika lilipoyumba, DDC, shirika la maendeleo la Jiji la Dar es Salaam, likaichukua mwaka 1983. Vyombo vya mwajiri, mshahara wa mwajiri. Nani angeshindwa?

Jibu ni kwamba wengi walishindwa. Mishahara walikuwa nayo Polisi Jazz, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Vijana Jazz, Bima Lee na wengineo. Studio ya RTD ilikuwa hiyo hiyo na wakaguzi hao hao. Duka lilikuwa moja, sawa, lakini rafu zilijaa bidhaa. Msikilizaji wa Endagikot hakuweza kuchagua stesheni, lakini aliweza kuchagua wimbo wa kukariri, na hapo hakuna mkaguzi aliyemsaidia.

Kipimo cha kweli kilikuja mwaka 1985. Mfanyabiashara Hugo Kisima aliwachukua wanamuziki sita kwa mpigo, Gurumo, Bitchuka na Balthazar wakiwemo, akawapeleka kwenye bendi yake ya International Orchestra Safari Sound. Bendi nyingine ingezikwa siku hiyo hiyo. Sikinde haikufa. Kama sifa ingekuwa ya sauti za kuazima, ingeondoka na wenye sauti. Iliyobaki ilikuwa namna ya kufanya kazi: mtunzi analeta maneno na sauti yake, wenzake wanakaa naye, huyu anapanga magitaa, yule matarumbeta, panapopwaya panakazwa. Ndiyo maana wimbo wao unaanza taratibu ili kisa kieleweke, halafu ndipo unachemka watu wacheze. Wazee wa Kiiraqw wanajua utaratibu wa namna hiyo. Mzee anaposema slufay, maneno yanatangulia na watu wanaitikia. Hakuna anayeitikia asichokielewa.

Tusiwapambe kupita kiasi, lakini. Katika nyimbo nyingi za dansi za enzi hizo, ndoa ikivunjika, mwanamke ndiye mwenye kosa, na Sikinde hawakuwa tofauti sana. Wakubwa wa nchi nao hawakuguswa, maana wimbo wa kuwagusa usingetoka studio. Hizo ni dosari, na mpenzi wa kweli anazitaja.

Basi hukumu yangu ni hii: sifa ya Sikinde ni halali, ila hati yake ina majina mawili, la bendi na la redio. Kosa letu ni kusema "hakuna kama wao" wakati hatukuwasikia wale ambao hawakufika Barabara ya Pugu. Ni bendi ngapi za mikoani zilivunjika bila hata kanda moja? Redio ile ile iliyoleta ngoma ya Wazaramo Endagikot haikuipeleka slufay Dar es Salaam kwa nguvu hiyo hiyo.

Na hapo ndipo linapotuhusu sisi tunaoandika. Leo milango ni mingi, kila mwenye simu ana studio mfukoni, na kisingizio cha duka moja kimekufa. Kilichobaki ni kile kilichoiokoa Sikinde mwaka 1985: kukaa na wenzako, kuwasomea ulichoandika, na kukubali wakuambie hapa panapwaya. Hoja naiweka mezani. Mpenzi wa Msondo ajibu!