Kondele: Benga Iliyolelewa Mezani

Bendi ya benga, muziki wa magitaa wa Waluo, inapopiga Kondele, mtaa wa Kisumu, pesa za maana haziingii mlangoni. Zinaingia katikati ya wimbo. Mtu anainuka kwenye meza yake, mwimbaji anampisha, magitaa yanashuka, na yule aliyesimama anajinadi: mimi ni mtoto wa fulani, wajomba zangu ni wa mahali fulani, shemeji yangu ndiye yule. Anatoa noti. Mwimbaji anayarudia majina hayo kwa sauti tamu kuliko ya mwenyewe, na hapo meza ya pili haiwezi kukaa kimya. Waluo huita majigambo haya pakruok. Bila kuyaelewa, huwezi kueleza jinsi baa za kando ya barabara zilivyoulea muziki wa ukanda mzima wa Ziwa Victoria.

Pakruok ilikuwepo kabla ya gitaa. Mpiga nyatiti, kinanda cha nyuzi nane, alialikwa matangani na kwenye vikao vya pombe, na aliyetaka kujisifu alilipa ili amkatize. Gitaa lilipoenea Nyanza baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vijana walihamishia mapigo ya nyatiti kwenye nyuzi sita. Desturi ya malipo ikahama nayo.

Miaka ya 1970 ilikuwa enzi ya santuri. D. O. Misiani, mzaliwa wa upande wa Tanzania, aliivumisha bendi yake ya Shirati Jazz pande zote mbili za mpaka. Mwaka 1972 Ochieng' Nelly na Collela Mazee wakaunda Victoria Jazz. Mfanyabiashara Oluoch Kanindo alizisambaza santuri za benga hadi kusini mwa Afrika, na Zimbabwe watu wakauita muziki wenyewe kanindo. Ni fahari kubwa. Lakini santuri ilimlipa mwenye lebo kabla ya mpiga gitaa, na kaseti bandia zilipofurika sokoni hata mwenye lebo akakosa. Kilichobaki kumlisha mwanamuziki ni watu walioketi mbele yake.

Na watu hao hawakuwa wa baa pekee. Familia iliyofiwa ilikodi jenereta, spika na turubai, muziki ukapigwa usiku kucha, na wachezaji wakashindana kuchanga fedha za jeneza na chakula. Hiyo ndiyo disco matanga. Ilikuwa na ubaya wake, tena mkubwa: mwaka 2009 watafiti waliandika katika jarida la AIDS kwamba mikesha hiyo Kisumu iliwaweka vijana katika hatari ya kuambukizwa virusi vya Ukimwi, na maafisa wa utawala wakaipiga marufuku mara kwa mara. Sitetei ubaya huo hata kidogo. Nasema tu kwamba matanga yalimpa mwanamuziki asiye na jina kitu ambacho studio haikumpa: usiku mzima wa kupiga mbele ya wazee, wajane na vijana kwa pamoja, wakiwemo jamaa waliosafiri kutoka Nairobi na Mombasa. Akipiga vizuri, jina lake lilipanda nao basi la kurudi.

Kondele ilinufaika kwa sababu ya mahali ilipo. Manyatta, Migosi na Nyawita zinakutana hapo, na barabara ya Kakamega inapita katikati. Kuna wateja wa kutembea kwa miguu na kuna magari hadi usiku. Barabara hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ofisi ya wanabenga, nayo ilikuwa katili. Misiani mwenyewe alifariki katika ajali ya gari Kisumu, tarehe 17 Mei 2006.

Katika miaka ya 1990 Okatch Biggy na bendi yake ya Heka Heka waliirudishia benga joto lake, kwa nyimbo zilizojaa majina ya watu, pakruok ikiwa imeingia ndani ya rekodi yenyewe. Baada yake Tony Nyadundo akaivusha ohangla, ngoma iliyokuwa ya matanga na pombe za wazee, hadi kwenye kumbi za Nairobi. Ngoma, orutu (fidla ya uzi mmoja) na kinanda cha umeme vinatosha kuianzisha.

Machi 27, 2020 kafyu ya korona ilianza Kenya, ikadumu hadi Oktoba 20, 2021. Wenye mishahara walifanyia kazi nyumbani. Mwanamuziki anayelipwa na meza hana kazi ya kufanyia nyumbani, maana wimbo wake unahitaji mtu wa kuukatiza. Kwa hiyo nikisikia baa ya Kondele imenyang'anywa leseni kwa sababu ya kelele, najua mpiga besi, mpiga ngoma na mwimbaji wamefutwa kazi usiku huo huo. Nataka serikali ya kaunti iwahesabu hao pia, na iwaite wanapokaa wenye baa na majirani wasiopata usingizi, kabla ya kufuli kuwekwa mlangoni.