Bahari Zilivyoingia Darasani: Arudhi ya Kiswahili na Mtihani wa Fasihi

Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa ushairi wa Kiswahili hubeba daftari lenye orodha mbili. Ya kwanza ni ya umbo: ubeti, mshororo, kipande, kina, mizani, kibwagizo, kisha majina ya bahari tangu tathnia na tathlitha hadi ukaraguni na pindu. Ya pili ni ya tamathali za usemi: tashbihi, sitiari, tashihisi, kinaya, taashira na ndugu zake. Huzikariri usiku kucha, asubuhi akazimimina kwenye karatasi, na mwalimu akasahihisha kwa kuhesabu. Sisi tulio upande huu wa Ziwa Tanganyika tulizipokea orodha hizo zikiwa zimekwisha kupigwa chapa, wala ni mara chache tunauliza ni nani aliyezipanga, lini na kwa ajili gani. Makala haya yanauliza. Sababu si udadisi mtupu, kwani mwanafunzi wa Lubumbashi, wa Bukavu au wa Kisangani hupoteza alama kwa makosa ambayo, ukiyachunguza kihistoria, baadhi yake si makosa.

Tuanze na hati za kale. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ni ya mwanzo wa karne ya 19 au karibu na hapo. Utendi wa Mwana Kupona ni wa mwaka 1858. Hizo zote ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na ubeti wa utendi mara nyingi ulitandazwa katika mstari mmoja wenye sehemu nne zilizotengwa kwa alama ndogo ndogo. Kwa hiyo ile “mishororo minne” tunayomtaka mwanafunzi aihesabu kwa jicho ni, kwa kiasi fulani, kazi ya mpiga chapa. Mjuzi wa zamani aliihesabu kwa sikio, kwa kuwa tungo zilighaniwa. Tena kanuni ya darasani isemayo kwamba utenzi una mizani 8 hukwama mara ikutanapo na Al-Inkishafi, yenye mizani 10 katika kila mshororo. Wako walimu ambao, kwa kuogopa ubishi, huiruka kabisa. Ni hasara.

Je, wazee hao walikuwa na mtihani? Walikuwa nao, lakini haukuwa wa karatasi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, aliishi katika zama za ugomvi baina ya Mazrui wa Mombasa na Sayyid Said, ugomvi uliokwisha mwaka 1837 kwa Mombasa kuanguka. Tungo zake nyingi ni za kujibizana. Shairi lilitungwa, likasambaa kwa midomo, likafika kwa mhusika, naye akapaswa kulijibu. Aliyejibu kwa umbo lile lile na kulifumbua fumbo kwa fumbo jingine alikuwa amefaulu. Aliyejibu nje ya mada alichekwa mjini. Fumbo halikuwa pambo, bali ngao ya msemaji na silaha yake. Tungo hizo zingepotea lau Mwalimu Sikujua wa Mombasa na W. E. Taylor wasingalizikusanya, William Hichens alizitoa kitabuni mwaka 1940, karne nzima baada ya mwenyewe kufa. Huo ulikuwa mwanzo wa safari ya mashairi hayo kutoka barazani kwenda maktabani.

Neno moja litatuonyesha safari hiyo ilivyobadilisha mambo. Leo ukimwuliza mwanafunzi takhmisa ni nini, atajibu pasipo kusita: ni shairi la mishororo mitano kila ubeti. Jibu hilo humpa alama. Lakini takhmisa kwa asili yake ni tendo, nalo limetoka katika ushairi wa Kiarabu: mshairi huchukua utungo wa mwenziwe wenye mistari miwili miwili, akautangulizia mitatu yake mwenyewe, hata ikawa mitano. Ndivyo alivyofanya yule yule Sayyid Abdalla kwa utungo unaonasibishwa na Liyongo. Aliyetakhamisi alikuwa msomaji kwanza, kisha mtunzi. Ilimlazimu kuingia ndani ya kina na maana ya mtu aliyemtangulia na kutoka huko bila kuacha mshono. Idadi ya mitano ilikuwa matokeo tu. Darasani tumebaki na matokeo, tendo limetupotea.

Mwenye sehemu kubwa katika kuzigeuza kunga hizi kuwa somo ni Kaluta Amri Abedi, aliyezaliwa Ujiji mwaka 1924, ng'ambo tu ya ziwa letu. Huyu baadaye alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri, akafariki mwaka 1964 akiwa bado kijana. Mwaka 1954 alitoa *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*. Kabla yake elimu hii ilipokewa kwa mwalimu na kwa mazoea. Gazeti la *Mambo Leo*, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa limekwisha kuwazoesha watu wa bara kutunga na kusoma mashairi, lakini wengi wao hawakuwa na wa kuwaeleza kanuni. Amri aliwaandikia hao. Ni vyema tukumbuke kwamba kitabu chake kilikusudiwa mtu atakaye kutunga. Hakikukusudiwa mtu atakaye kujibu maswali. Neno “sheria” katika jina lake, hata hivyo, lilikuwa na nguvu kuliko pengine alivyotazamia mwenyewe, kwani alishikilia kwamba kisicho na vina na mizani si shairi, na waliomfuata wakaisoma kauli hiyo kama hukumu ya mahakama.

Hukumu hiyo ilikatiwa rufani. Mwaka 1973 Mulokozi na Kahigi walitoa *Mashairi ya Kisasa*. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa *Kichomi*, akitetea lugha ya kawaida ya mazungumzo na tungo zisizofungwa na vina. Na mwaka 1979 Mulokozi na Kahigi wakaurudia mjadala kwa hoja za kinadharia katika *Kunga za Ushairi na Diwani Yetu*. Malumbano yalikuwa makali, wala hatuna haja ya kuyasimulia yote. Lililo muhimu kwetu ni hoja moja ya wanamapinduzi hao: kwamba ushairi wa watu wa bara ulikuwapo kabla ya vina, na una mapigo yake. Msomaji wa Kongo hahitaji kushawishiwa. Mwaka ule ule wa 1974 Clémentine Nzuji alichapisha utafiti wake juu ya kasala ya Waluba, na tangu mwaka 1969 tulikuwa na utendi wa Mwindo wa Wanyanga ulioandaliwa na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene. Kasala haina kina cha kati wala cha mwisho. Inasimama juu ya majina ya sifa, urudiaji na pumzi ya mghani. Hakuna mzee wa Kiluba atakayekubali kuambiwa kwamba hiyo si tungo.

Kwa nini basi darasa halikugeuka? Kwa sababu mtihani ulikuwa umekwisha kuingia. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1967. Tanzania ilijitoa, ikaunda baraza lake mwaka 1973. Kenya ikafuata mwaka 1980. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza Kenya mwaka 1985, Kiswahili kilikuwa somo la lazima la kutahiniwa, na kundi la kwanza la sekondari chini ya mfumo huo lilifanya mtihani mwaka 1989. Maelfu ya karatasi yalipaswa kusahihishwa na watu wengi kwa kipimo kimoja. Uzuri wa shairi haupimiki kwa namna hiyo. Mizani yapimika, maana 16 ni 16 kwa kila msahihishaji. Hatuwalaumu. Sisi wenyewe tukiwa na karatasi mia mbili mezani na wiki moja ya kuzimaliza, tumeuliza maswali yaleyale.

Orodha ya tamathali nayo ina historia yake, na hapa msamiati una mitego. Majina mengi yametoka katika elimu ya balagha ya Kiarabu, lakini yalipofika kwetu hayakubaki na maana zake. Kinaya kwa Kiarabu ni kutaja jambo kwa kupitia jambo jingine lililo jirani nalo. Katika Kiswahili cha shule ni hali iliyo kinyume cha matarajio, au neno lililo kinyume cha kusudi. Majazi kwa Kiarabu ni matumizi yoyote ya neno nje ya maana yake ya asili. Kwetu ni jina la mhusika linalolingana na tabia yake. Kuhama kwa maana si dhambi, ndiyo desturi ya maneno. Tatizo ni mwanafunzi kuamini kwamba akishataja jina amekwisha kueleza. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya tangu mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake *Kenya: Twendapi?*, na mashairi aliyoyatunga kifungoni yalitoka mwaka 1973 katika *Sauti ya Dhiki*. Humo mna shairi la mamba mwenye kujivunia nguvu zake. Mwanafunzi aandikaye “hapa pana sitiari” akaishia hapo amesema kweli, lakini hajasoma shairi. Hajauliza mfungwa anamsema mamba gani, na kwa nini hakumtaja kwa jina.

Sasa turudi kwa mwanafunzi wetu na alama zake. Kosa lake la kwanza huletwa na Kifaransa, lugha aliyofundishwa kuhesabia ushairi shuleni. Akiona “mtu” huhesabu silabi moja, kwa kuwa herufi m haina irabu. Lakini m hiyo ni silabi kamili, na “mtu” ni mizani mbili. Cha ajabu ni kwamba dawa anayo kinywani mwake: nyumbani husema “mutu” na “mutoto”, maneno yenye mizani zilezile za “mtu” na “mtoto”. Kiswahili chake cha mtaani, anachoambiwa akiache mlangoni, ndicho kingemsahihisha. Hali kadhalika huhitaji kuonyeshwa kwamba inkisari si uvivu wa mshairi: “mwanafunzi ameingia” ni mizani 9, “mwanafunzi kaingia” ni 8, na kipande kimekaa.

Kosa la pili ni gumu zaidi. Mwanafunzi wetu hutamka “razi” mahali pa “radhi”, kisha akalipatanisha na “kazi”. Msahihishaji huchora mstari mwekundu: kina kimepotea. Kwa matamshi sanifu ni kweli. Lakini tutazame walivyofanya watu wa pwani wenyewe. “Hisi” na “rahisi” kwa Kiarabu huishia kwa herufi mbili mbalimbali, sin na swad. “Radhi” ina dhad, “udhi” ina dhal. Sikio la Kiswahili halikuzitenga sauti hizo, kwa hiyo maneno hayo yanapatana vina bila mtu kulalamika. Mswahili alitunga kwa sikio lake, hakungoja ruhusa ya Mwarabu. Iwapo haki hiyo ilikuwa ya mtu wa Mombasa, kwa hoja gani tutaikatalia Lubumbashi?

Rai yetu ni kuyatenga mambo mawili. Anapochambua shairi la pwani, mwanafunzi na ajue matamshi ya pwani, la sivyo hatasikia alichosikia mtunzi. Anapotunga kwa ajili ya wenziwe, asomewe kwa sauti, na kina kipimwe kwa sikio la waliopo. Tangu nchi yetu ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, wako wanaodai kwamba sasa ndio wakati wa kufuata sanifu pasipo kubakiza. Tumewasikia. Katika darasa letu, zoezi la takhmisa limerudishwa kama lilivyokuwa: kila mmoja hupewa beti mbili za mwenziwe, aongeze mitatu juu ya kila miwili, kisha azighani mbele ya aliyezitunga, naye ndiye atakayesema kama mshono unaonekana.