Kichupa Kisicho na Namba

Katika mkutano wetu wa mwaka jana, baada ya chakula cha mchana, mwenzetu mmoja tuliyesoma naye kidato kimoja alinivuta kando ya ukumbi. Akatoa mfukoni kichupa kidogo chenye unga mweupe. "Ndugu yangu," akasema, "wewe umefanya kazi ya famasi maisha yako yote. Hii ni peptidi. Wanasema inaponya magoti na kurudisha nguvu za ujana. Nijidunge?"

Nilikigeuza kichupa kile mara mbili. Hakikuwa na namba ya toleo, wala tarehe ya mwisho wa matumizi, wala jina la kiwanda. Kulikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza tu, yakisema kwamba kitu kile ni cha utafiti na si cha kutumiwa na binadamu. Kengele ya mkutano ikalia kabla sijamjibu. Sasa Ndugu Mhariri ameniomba makala ya historia, nami naona hapa ndipo pa kumjibu.

Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, yaani vile vipande ambavyo vikiungana kwa wingi hufanya protini. Miili yetu hutengeneza peptidi nyingi. Oksitosini, ambayo wakunga huitumia kuzuia mama asitokwe na damu nyingi baada ya kujifungua, ina asidi amino 9. Insulini ya wagonjwa wa kisukari inazo 51. Kwa hiyo tiba ya namna hii si jambo la jana. Imepita miaka mia moja tangu ianze, na mwanzo wake mkubwa ulikuwa katika mji wa Toronto, nchini Kanada.

Huko, mwaka 1921, daktari Frederick Banting na kijana Charles Best walianza kutafuta dawa ya kisukari ndani ya kongosho za wanyama, katika maabara ya Profesa J.J.R. Macleod. Tarehe 11 Januari 1922 maji waliyoyakamua yalidungwa kwa Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14 aliyekuwa amekonda mno. Sukari yake ilishuka kidogo tu, na mahali pa sindano pakafanya jipu. Ikabidi waache. Mtaalamu wa kemia, James Collip, akaendelea kuyasafisha maji yale kwa alkoholi ili kuondoa uchafu. Tarehe 23 Januari mvulana yule akadungwa tena. Safari hii sukari ilishuka sawasawa, naye akaanza kupata nguvu. Aliishi miaka 13 zaidi.

Wanafunzi wetu na waliangalie jambo hili vizuri. Mgonjwa alikuwa ni yule yule, na dawa iliyotafutwa ni ile ile. Kilichobadilika katika siku zile 12 ni usafi wake.

Hata hivyo kazi haikuishia hapo. Walipojaribu kuitengeneza kwa wingi, walishindwa kwa muda. Toleo moja lilitoka na nguvu, jingine halina. Wavumbuzi waliuza haki yao ya uvumbuzi kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mmoja, ili chuo kiweze kusimamia ubora na kuwazuia walaghai. Nguvu ya insulini ikawa inapimwa kwa sungura, kwa kuangalia sukari yake inavyoshuka. Mwaka 1923 wataalamu walikutana Edinburgh chini ya Shirikisho la Mataifa, na kufikia mwaka 1925 kulikuwa na unga mmoja wa kulinganishia duniani kote, ambao miligramu 1 yake ilihesabiwa kuwa yuniti 8. Ndiyo sababu yuniti 10 za Dodoma ni sawa na yuniti 10 za London.

Lakini dawa iliyopimwa kiwandani inaweza kuharibika njiani. Hili nililiona kwa macho yangu mwaka 1974, nikiwa kidato cha tatu. Mwenzetu wa bweni letu, ambaye sitamtaja jina, alikuwa na kisukari, na insulini yake ilihifadhiwa katika friji la mafuta ya taa. Usiku mmoja utambi uliwekwa vibaya, dawa ikaganda. Asubuhi ikayeyuka, akadungwa kama kawaida. Kwa siku mbili alikunywa maji bila kukata kiu, akatapika, na hatimaye tukambeba kwa machela hadi kwenye gari la hospitali. Alipona, namshukuru Mungu. Lebo ya chupa ilikuwa haijabadilika hata herufi moja. Siku ile ndipo nilipoamua kusomea famasi.

Sasa nakujibu, ndugu yangu. Peptidi nyingine ni dawa halali. Semaglutidi ni mojawapo, na mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutidi bandia iliyogunduliwa Brazili, Uingereza na Marekani. Ikiwa dawa yenye kiwanda kinachojulikana hughushiwa, je, kichupa kisicho na namba? Namba ya toleo ndiyo inayotuwezesha kujua nani alitengeneza, nani alipima, na yapi yarudishwe yakionekana mabaya. Bila hiyo, hakuna ajuaye kama ndani mna peptidi, ni kiasi gani, au kama mna uchafu wa kumfanyia mtu jipu kama lile la Leonard.

Kwa hiyo usijidunge. Magoti yako mwonyeshe daktari. Na kichupa kile, kama bado unacho, njoo nacho kwenye mkutano ujao. Tutakipeleka pamoja ofisi ya TMDA.