Zawadi ya Horowhenua: jinsi maktaba ya wilaya ilivyozigawia maktaba za dunia

Wengi wetu tunaikumbuka hofu iliyotanda duniani mwishoni mwa mwaka 1999. Kompyuta nyingi za wakati huo zilihifadhi mwaka kwa tarakimu mbili tu, na wataalamu walionya kwamba usiku wa manane wa tarehe 31 Desemba ukishapita, mashine hizo zingedhani kuwa ulimwengu umerudi mwaka 1900. Mabenki na mashirika ya ndege yalitumia fedha nyingi kujikinga. Maktaba hazikutajwa sana katika habari za siku zile, ilhali maktaba ni mahali ambapo tarehe ndiyo kazi yenyewe: kitabu kimeazimwa lini, kinatakiwa kurudi lini, kimechelewa siku ngapi.

Makala haya yanahusu maktaba moja iliyokabiliwa na tatizo hilo ikiwa haina fedha za kulimaliza kwa njia ya kawaida. Iko Levin, mji wa wakulima wa mboga ulio chini ya kilomita 100 kaskazini ya Wellington, mji mkuu wa New Zealand. Levin ndiyo makao ya wilaya ya Horowhenua, ambayo wakati ule ilikuwa na wakazi wapatao elfu 30. Maktaba zake, ile ya Levin yenyewe na matawi ya Foxton na Shannon, ziliendeshwa na chombo kiitwacho Horowhenua Library Trust, yaani wakfu wa maktaba za Horowhenua. Programu iliyokuwa ikihesabu vitabu vyao ilikuwa imezeeka na isingeweza kuuvuka mwaka 2000. Programu mpya zilizokuwa sokoni zilikuwa za bei kubwa, tena zilidai nyaya za mawasiliano za kukodi kati ya matawi na makao makuu, nyaya zilizo wazi mchana kutwa. Kwa wilaya ya namna ile, gharama hiyo haikubebeka.

Wakutubi wa Horowhenua, wakiongozwa na Rosalie Blake, waliamua kuiandikisha programu yao wenyewe. Kazi walipewa vijana wa kampuni ndogo ya Wellington iitwayo Katipo Communications, na mwandishi mkuu wa programu alikuwa Chris Cormack. Sharti mojawapo lilikuwa kwamba matawi yaweze kuwasiliana kwa modemu kupitia simu ya kawaida. Kazi ilifanywa kwa miezi michache tu, na tarehe 3 Januari 2000, siku ambayo maktaba nyingine zilikuwa zikichungulia kama mashine zao zingali hai, Horowhenua ilianza kuazimisha vitabu kwa programu mpya.

Programu hiyo iliitwa Koha. Neno hilo ni la lugha ya Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, na maana yake ya karibu ni zawadi. Lakini si zawadi ya kupokea na kusahau. Mgeni anayekaribishwa katika ukumbi wa Wamaori hutoa koha, na mila inataka wema huo urudi kwa namna yake siku moja. Sisi katika Kiswahili tuna zawadi, hidaya, tunu na tuzo, ila naona lililo karibu zaidi na koha ni mchango wa harusi: aliyechangia leo anajua, wala hasemi, kwamba siku yake ikifika naye atachangiwa.

Jina hilo halikuwa pambo. Wakfu na kampuni walikubaliana kuitoa Koha chini ya leseni ya programu huria, iitwayo GPL. Kwa leseni hiyo yeyote anaweza kuichukua bila malipo, kuyasoma maandishi yake ya ndani, kuyabadilisha na kuyagawa, mradi asimzuie mwingine kufanya vivyo hivyo. Uamuzi huo ulikuwa wa ukarimu, lakini pia ulikuwa wa hesabu. Maktaba ya wilaya haina uwezo wa kuitunza programu peke yake miaka nenda miaka rudi. Wakipatikana wengine wanaoitumia, mzigo unagawanyika.

Wazo la maktaba kugawana kazi halikuzaliwa Levin. Mwaka 1967 vyuo vya jimbo la Ohio, Marekani, viliunda kituo cha pamoja kilichojulikana kwa kifupi OCLC, kikiongozwa na Frederick Kilgour. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kwa nini wakutubi wa vyuo hamsini na zaidi wakiandike kitabu kile kile kila mmoja kwenye kadi zake? Tarehe 26 Agosti 1971, katika maktaba ya Alden ya Chuo Kikuu cha Ohio mjini Athens, kitabu kiliingizwa katika katalogi ya pamoja kwa njia ya kompyuta kwa mara ya kwanza. OCLC ikakua hadi kuenea dunia nzima, lakini ni huduma ya kulipia ada, na maktaba nyingi za Afrika zilibaki nje ya mlango.

Zilizobaki nje zilipata msaada kwa upande mwingine. Kuanzia mwaka 1985 shirika la UNESCO liligawa bure programu iitwayo CDS/ISIS kwa ajili ya kompyuta ndogo, na mkutubi yeyote wa Afrika Mashariki aliyeanza kazi miaka ya 1980 na 1990 ataijua. Ilisaidia sana. Hata hivyo ilikuwa zawadi iliyofungwa: waliitumia, lakini hawakuweza kuifungua ndani na kuirekebisha.

Sasa turudi Ohio, maana hapa historia inapendeza. Katika wilaya ile ile ya Athens mna maktaba ya umma ya mji mdogo wa Nelsonville, inayohudumia matawi kadhaa ya vijijini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 maktaba hiyo ilikuwa ikitafuta programu mpya. Koha ilikuwa na kasoro moja kubwa: haikuelewa MARC, utaratibu wa kuandika taarifa za vitabu uliobuniwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani miaka ya 1960 chini ya Henriette Avram, na ambao maktaba karibu zote kubwa zinautumia. Nelsonville ilitoa fedha ili kasoro hiyo iondolewe. Mwaka 2003 ikawa ya kwanza miongoni mwa maktaba za umma za Marekani kutumia Koha, na kazi iliyoilipia ikawa mali ya kila mtumiaji, wakiwamo wa Levin. Koha ilikuwa imerudishiwa koha.

Wengine nao walikuwa wakifuata njia hiyo. Maktaba za umma za jimbo la Georgia, ambazo zimeungana katika mfumo mmoja wa kuazimisha, zilitengeneza programu yao huria, Evergreen, na kuanza kuitumia mwaka 2006. Lakini Koha ndiyo iliyosafiri mbali zaidi, na safari ndefu haikosi misukosuko.

Mwaka 2007 kampuni ya Marekani iitwayo LibLime, iliyokuwa ikizihudumia maktaba zinazotumia Koha, ilinunua shughuli za Koha za Katipo. Miaka miwili baadaye ilitangaza toleo lake la pekee kwa ajili ya wateja wake, na wachangiaji wengi wakaona kwamba kinachokuwa cha wote kinaanza kuwekewa uzio. Mwaka 2010 LibLime nayo ilinunuliwa na kampuni nyingine, PTFS. Wachangiaji walihamia kwenye tovuti yao mpya, na wakakubaliana kwamba mali ya pamoja ishikwe na wakfu ule ule wa Horowhenua.

Novemba 2011 habari zilizuka kwamba idara ya alama za biashara ya New Zealand imelikubali kwa muda ombi la PTFS la kulisajili jina Koha. Fikiri, msikilizaji: neno la Kimaori, lenye maana ya zawadi, lililochaguliwa na maktaba ya New Zealand, lingekuwa alama ya biashara ya kampuni ya ng'ambo katika nchi ya New Zealand yenyewe. Maandishi ya programu yalilindwa na leseni, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuyatwaa. Jina lilikuwa jambo jingine. Anayelimiliki jina angeweza kumzuia mwenye kukitengeneza kitu asikiite kwa jina lake.

Wakfu ulitangaza hadharani kwamba hauna fedha za mawakili na ukaomba msaada. Michango ilifika kutoka nchi mbalimbali, mingi ikiwa midogo midogo. PTFS ilijibu kwamba ilikuwa tayari kulikabidhi jina hilo kwa taasisi isiyo ya kibiashara, lakini shauri liliendelea, wakfu ukisimama pamoja na kampuni ya Catalyst ya Wellington, na mwaka 2013 uamuzi ukatoka kwa upande wao. Sheria ilifanya kazi yake, ila bila ile michango sidhani kama maktaba ya wilaya ingefika mbele ya msuluhishi.

Na sisi je? Koha imeingia katika maktaba za vyuo vikuu kadhaa vya Kenya, Tanzania na Uganda, na Kiswahili kimo katika orodha ya lugha ambazo kazi ya kuitafsiri imeanzishwa. Oktoba 2015 mkutano wa kimataifa wa watumiaji wake ulifanyika Ibadan, Nigeria. Huo ni mwendo mzuri. Hata hivyo neno bure lisitudanganye. Programu haidai malipo, lakini umeme unadai, kompyuta kuu inadai, na kijana anayejua kuirekebisha inapokwama usiku naye hutaka mshahara, la sivyo benki itamchukua. Maktaba inayoipokea Koha bila kumfundisha mtu wake itajikuta ikimtegemea muuzaji kama zamani, tofauti ikiwa jina la ankara tu.

Afrika Mashariki ina mila yake ya huduma ya pamoja. Sheria ya mwaka 1963 iliunda bodi ya maktaba ya Tanganyika, na Kenya ikafuata mwaka 1965. Zote mbili zilikusudia kwamba vitabu visiishie mijini. Mwaka 1996 Kenya ilianza kuwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia. Ngamia yule na modemu ya Foxton walikuwa wakijibu swali moja: maktaba ya pembezoni itafikaje kwenye akiba ya pamoja wakati njia iliyopo ni mbovu au ni ghali? Horowhenua ilijibu kwa kuandika programu iliyoufahamu ubovu wa njia yake. Mifumo mingi inayoletwa leo inachukulia kwamba intaneti ipo saa zote, na ikikatika, matawi yote husimama kwa pamoja, mkutubi akarudi kwenye daftari na kalamu.