Elijah Masinde Alipopelekwa Mathari

Mwaka 1945 serikali ya mkoloni ilimfunga Elijah Masinde, kisha ikampeleka Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Nairobi. Masinde alikuwa Mbukusu wa Kimilili, mwanasoka aliyewahi kuichezea Kenya, na kiongozi wa Dini ya Msambwa. Alihubiri kwamba watu warudie dini ya mababu na Wazungu warudi kwao. Alitolewa 1947. Miaka 16 baadaye bendera ya Uingereza ilishushwa, sasa sijui hapo tuseme nani alipona.

Msimamizi wa Mathari wakati huo alikuwa J. C. Carothers, daktari wa kawaida aliyekabidhiwa hospitali mwaka 1938 bila kusomea magonjwa ya akili. Mwaka 1954 serikali ilichapisha ripoti yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Watu wanalilia mashamba, yeye anachunguza akili zao! Frantz Fanon alimjibu 1961, na hakumwonea huruma.

Mimi niliacha chuo, lakini Karl Jaspers sikumwacha. Mwaka 1913 mwanafalsafa huyu, ambaye pia alikuwa daktari, aliandika kwamba imani ya kiwazimu haitambuliki kwa kuwa ya uongo tu. Mume anaweza kuwa mgonjwa wa wivu na mkewe awe kweli ana mtu nje. La msingi ni jinsi mtu alivyoifikia imani hiyo: ukijaribu kuifuata njia yake hatua kwa hatua, unafika mahali haieleweki tena.

Huku kwetu Nkoroi wivu wenyewe ni wa mashamba. Mjomba wangu anaamini jirani husogeza bikoni usiku. Amepelekwa kwa daktari, amepewa dawa, na dawa zinamsaidia kulala, sisemi azitupe. Lakini Kajiado hii bikoni si husogezwa kweli? Hakuna aliyemuuliza ameyajuaje. Angesema alipima kwa kamba, hiyo ni kesi ya mpaka. Angesema mbwa alibweka mara tatu na hapo hapo akajua, Jaspers angeinua kichwa.

Tatizo la kipimo hiki ni kwamba kinampima na msikilizaji. Carothers angeifuata vipi njia ya Masinde bila kujua msambwa ni nini kwa Mbukusu? Asichokielewa daktari kinaandikwa kwenye faili kama ugonjwa wa mgonjwa. Siku hizi mwongozo wa madaktari wa Marekani unasema imani inayokubalika katika utamaduni wa mtu isihesabiwe wazimu. Afadhali, ila siioni ikitosha. Masinde alikuwa na wafuasi, kwa hivyo angepita. Je, siku ile ya kwanza, kabla hajapata hata mmoja? Na mjomba, ambaye hata shangazi hamuungi mkono?

Baada ya uhuru Masinde aliendelea kuhubiri. Serikali ya Kenyatta ilimfunga, ya Moi pia ikamfunga. Alikufa 1987.