Mafuta ya Bangi na Hofu ya Ghafla: Historia Fupi ya Neno "Asilia"

Neno bangi tulilipokea kutoka Bara Hindi, kwa njia ile ile ya bahari iliyotuletea chapati na laki. Nalikumbuka kila ninapoambiwa kwamba mafuta ya CBD, yanayonadiwa siku hizi kwa watu wanaopatwa na hofu ya ghafla, ni tiba asilia na kwa hiyo hayana haja ya kuulizwa maswali. Mmea huu umeulizwa maswali kwa karibu karne mbili, na majibu yake hayakuwa mepesi.

Mwaka 1839 William O'Shaughnessy, tabibu wa Kiayalandi aliyefundisha Calcutta, alichapisha taarifa ya majaribio yake ya bangi. Alisoma kwanza maandishi ya Wahindi na Waajemi, akawajaribu wanyama, ndipo akawapa wagonjwa. Miongoni mwao alikuwamo mtoto mchanga wa siku zipatazo 40, ambaye degedege lake lilitulia. Lakini tabibu huyo huyo aliandika pia juu ya weweseko la waliozidisha. Mnadi wa leo hupenda nusu ya kwanza ya habari hii.

Kisha siasa ikaingia. Katika mkutano wa Geneva wa 1925, Misri ilishinikiza hashishi iwekwe pamoja na afyuni, na bangi ikaingia katika mkataba wa kimataifa. Tanganyika, iliyokuwa chini ya Waingereza, haikuwa na mjumbe wake pale. Mkataba wa 1961 ukakaza kamba zaidi. Hapo ndipo ilipo hasara yetu kubwa: Roger Adams alikuwa ameitenga CBD huko Illinois tangu 1940, Raphael Mechoulam akaueleza muundo wake mwaka 1963, lakini utafiti kwa wagonjwa ulikwenda kwa mwendo wa kinyonga. Ilipofika 2018 ndipo Marekani ilipoidhinisha dawa ya CBD, Epidiolex, kwa kifafa kikali cha watoto. Kutoka kwa kitoto kile cha Calcutta ni miaka 179.

Kifafa, nasisitiza. Si hofu.

Hofu nayo ina historia yake. Mwaka 1871 Jacob Da Costa aliwaeleza askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani ambao mioyo yao ilikwenda mbio bila ugonjwa wa moyo kuonekana. Jina rasmi la ugonjwa wa mashambulio ya hofu liliingia katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980 tu. Kwetu bado mgonjwa huambiwa ana presha, au jini, au uvivu wa masomo.

Wabrazili ndio waliokwenda mbali. Mwaka 1982 Antonio Zuardi na wenzake walionyesha kwamba CBD hupunguza wasiwasi unaosababishwa na THC, ile kemikali ya bangi inayolevya. Mwaka 2011 watafiti wa São Paulo waliwapa CBD wagonjwa wenye woga wa kusimama mbele za watu, na woga ukapungua walipohutubia. Matokeo hayo yanatia moyo, ila wagonjwa wote walikuwa 24, nusu yao wakapewa dawa bandia, na dozi ilikuwa miligramu 600.

Mwanafunzi wangu mmoja, anayeamka usiku akidhani anakata roho, alinionyesha kichupa cha mililita 10 alichokinunua kwa fedha yake ya kujikimu. Lebo ilisema asilimia 5. Piga hesabu, ndugu msomaji: kichupa kizima kina miligramu 500, hakifikii dozi moja ya Brazili, naye alikuwa akidondosha matone matatu. Tena hiyo ni kama lebo inasema kweli. Uchunguzi wa 2017 wa bidhaa 84 zilizouzwa mtandaoni Marekani ulikuta asilimia 31 tu zenye lebo sahihi, na 18 zilikuwa na THC, ambayo ikizidi huamsha hofu ile ile inayokimbiwa.

Sheria nayo haijamsubiri. Mwaka 2020 Umoja wa Mataifa, kwa kura 27 dhidi ya 25, uliitoa bangi katika jedwali la dawa kali zaidi, lakini pendekezo la kufafanua kwamba CBD haimo katika udhibiti lilikataliwa. Hapa Tanzania, mafuta yanayotokana na bangi yanaweza kumfikisha kijana mahakamani, huku aliyemuuzia ni namba ya simu tu.

Tiba zenye ushahidi mpana zaidi, yaani tiba ya mazungumzo inayomzoeza mgonjwa kuzikabili dalili zake, na dawa zilizozoeleka kwa sonona, hazina mnadi. Nilimshauri aende kliniki ya afya ya akili, na asimfiche daktari habari ya kichupa, kwa kuwa CBD hugongana na baadhi ya dawa na huweza kulidhuru ini.